Mfuko Mwepesi na Hadithi za Picha

Tamaa ya kusoma haiangalii uzito wa mfuko. Humwingia mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini kwa mlango mmoja, na ikisha kuingia haitoki kwa urahisi. Tofauti huja baadaye, mbele ya duka la vitabu. Hapo mmoja hutia mkono mfukoni akatoa fedha, na mwingine hutia mkono mfukoni akaukuta mfuko mtupu. Wa kwanza huenda zake na kitabu chake. Wa pili ana mambo mawili ya kuchagua: ama aiue tamaa yake, ama atafute njia.

Insha hii yasimulia habari za watu waliotafuta njia. Watu hao ni Wajapani, na kitu walichokitamani ni hadithi za picha, ambazo kwao huitwa manga. Huenda jina hilo si geni kwako, msomaji, kwa kuwa vijana wengi wa Kenya leo huzijua hadithi hizo. Katika manga kisa husimuliwa kwa picha zilizopangwa katika vyumba, chumba baada ya chumba, na maneno ya wasemaji huandikwa ndani ya viputo vitokavyo vinywani mwao. Mtu azionapo manga katika wingi wake wa siku hizi, aweza kudhani kwamba ni tunda la utajiri wa Japani. Historia yasema vingine. Manga za leo zililelewa kwa sehemu kubwa na wasomaji waliokuwa na sarafu moja au mbili tu, na sarafu hizo chache ndizo zilizoamua hadithi za namna gani ziandikwe. Tazama pamoja nami jinsi jambo hilo lilivyotokea, na tazama pia nani aliyelipa gharama yake.

Kisa chetu chaanza katika mji wa Edo, ambao leo ndio Tokyo. Tangu mwaka 1603 hata mwaka 1868 Japani ilitawaliwa na ukoo wa Tokugawa, na Edo ndio mji walimokaa watawala hao. Katika karne ya 18 mji huo ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa kupita yote duniani, na watu wake wengi, hata wachuuzi na mafundi, walijua kusoma. Vitabu vilikuwapo. Kila ukurasa ulichongwa kwa mkono juu ya ubao, ubao ukapakwa wino, karatasi ikalazwa juu yake ikasuguliwa. Kazi hiyo ilitoa vitabu vizuri sana. Miongoni mwavyo vilikuwamo vitabu vya jalada la manjano, vilivyoanza kutokea mwaka 1775, ambamo picha ilijaza ukurasa na maneno yakaandikwa kuizunguka. Walakini kazi ya mkono ina gharama, na kitabu kipya kilikuwa mzigo mzito kwa mfuko wa fundi.

Basi akatokea mtu wa kusimama kati ya kitabu na msomaji. Mtu huyo alikuwa mkodishaji wa vitabu, na Wajapani walimwita kashihonya. Aghalabu hakumngoja mteja dukani. Alivifunga vitabu vyake katika kitambaa kikubwa, akalibeba rundo hilo mgongoni, akapita nyumba kwa nyumba. Aliacha kitabu hapa, akachukua kingine pale, akapokea ada iliyokuwa sehemu ndogo tu ya bei ya kununua. Baada ya siku chache alirudi tena. Mwaka 1808 wakodishaji wa vitabu katika mji wa Edo walihesabiwa, wakawa 656. Hii si idadi ya maduka ya anasa. Ni idadi ya migongo iliyobeba elimu na burudani hadi milangoni mwa watu wasioweza kununua.

Faida ya migongo hiyo yaonekana wazi katika habari za mwandishi mmoja, Takizawa Bakin. Mwandishi huyo alianza mwaka 1814 kutoa hadithi ndefu ya mashujaa wanane, akaimaliza mwaka 1842, nayo ikafika vitabu 106. Fikiri, msomaji, ni watu wangapi wawezao kununua vitabu 106 vya hadithi moja. Lakini mtu aliyekodi kitabu kimoja kwa wakati mmoja aliweza kuifuata hadithi hiyo miaka 28 bila kuuza shamba lake. Haba na haba hujaza kibaba, na kitabu baada ya kitabu kilimjaza msomaji wa Edo.

Katika mji wa Nagoya palikuwa na duka moja la kukodisha vitabu lililoitwa Daiso. Lilifunguliwa mwaka 1767, likadumu zaidi ya miaka 100, likawa na akiba ya vitabu iliyopita nyingi nchini. Katika miaka ya 1870 alikuwako kijana mmoja aliyependa mno kuazima vitabu katika duka hilo, jina lake Tsubouchi Shoyo. Alizisoma hadithi za zamani pasipo kuchoka. Kijana huyo alipokuwa mtu mzima alikuwa mwandishi na mwalimu mkubwa, akawa mtu wa kwanza kutafsiri kwa Kijapani kazi zote za Shakespeare, akaimaliza kazi hiyo mwaka 1928. Sisi wa Afrika ya Mashariki twajua uzito wa kazi ya namna hiyo, maana tunaye Mwalimu Julius Nyerere, aliyetutafsiria mchezo wa Julius Caesar kwa Kiswahili, ukachapishwa mwaka 1963. Sisemi kwamba kila aazimaye kitabu atakuwa mfasiri wa Shakespeare. Nasema kwamba rafu ya kitabu cha kukodi yaweza kuwa shule, na mwanafunzi wake aweza kufika mbali.

Miaka ikapita. Mashine za chapa za namna ya Ulaya zikaingia Japani, vitabu vikapungua bei, na wakodishaji wa kubeba mgongoni wakatoweka. Lakini njia iliyokwisha kukanyagwa na watu wengi haifutiki upesi. Ilikuja kufunguliwa tena siku taabu iliporudi.

Taabu ilirudi mwaka 1945. Japani ilikuwa imeshindwa katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Miji ilikuwa imeteketea kwa moto wa mabomu, chakula kilikuwa haba, na karatasi ilikuwa adimu. Watoto waliocheza katika magofu walikuwa na njaa mbili: njaa ya tumbo, ambayo watu wazima waliihurumia, na njaa ya hadithi, ambayo wengi hawakuiona. Njaa hii ya pili ilipata watumishi wake watatu.

Mtumishi wa kwanza alikuwa mtu wa baiskeli. Mchezo wake huitwa kamishibai, maana yake mchezo wa karatasi. Alikuwapo tangu miaka ya 1930, na baada ya vita alirudi kwa wingi. Nyuma ya baiskeli yake alibeba kisanduku cha mbao kilichofanana na jukwaa dogo. Alifika mtaani, akagonga vijiti viwili vya mbao, watoto wakamkimbilia. Hakuwatoza kiingilio, bali aliwauzia peremende. Kisha alichomoa kadi moja baada ya moja kutoka kisandukuni, kila kadi na picha yake, akisimulia kwa sauti. Aliyenunua peremende alisimama mbele, na aliyekosa senti alichungulia kutoka nyuma. Hadithi ilikatika mahali pa hatari, ili kesho watoto warudi na sarafu nyingine.

Mtumishi wa pili alikuwa kitabu chekundu. Vitabu hivyo viliitwa hivyo kwa sababu ya wino mwekundu uliotapakaa katika majalada yake. Vilitolewa hasa na wachapishaji wadogo wa mji wa Osaka, karatasi yake ilikuwa duni, na havikuuzwa na maduka makubwa ya vitabu bali na wauza peremende na wauza vitu vya kuchezea watoto. Wenye elimu walivibeza. Hata hivyo, mwanzoni mwa mwaka 1947 kilitokea kitabu kimoja cha namna hiyo kilichoitwa Shin Takarajima, yaani Kisiwa Kipya cha Hazina. Kisa chake kilitungwa na Sakai Shichima, na picha zikachorwa na Tezuka Osamu, kijana mwanafunzi wa udaktari mjini Osaka. Inasemekana kwamba kitabu hicho kiliuzwa nakala zipatazo 400,000, katika nchi ambayo watu wake hawakuwa na uhakika wa kula. Tezuka aliishi hata mwaka 1989, na watu wa nchi yake humhesabu kuwa mkubwa wa wachora manga wa karne iliyopita. Lango lake la kuingilia halikuwa jumba la fahari. Lilikuwa duka la peremende.

Mtumishi wa tatu ndiye jamaa yetu wa zamani, mkodishaji wa vitabu. Safari hii hakubeba rundo mgongoni. Alifungua duka dogo katika mtaa, aghalabu chumba kimoja tu, akazijaza kuta zake vitabu. Maduka hayo yaliongezeka kwa kasi, na inakadiriwa kwamba katikati ya miaka ya 1950 yalifika karibu 30,000 katika Japani nzima. Ada ya kukodi kitabu ilikuwa kama yeni 10.

Tufanye hesabu pamoja, maana historia bila hesabu ni kama mchuzi bila chumvi. Tuseme kitabu kimemgharimu mwenye duka yeni 150, nacho hukodiwa kwa yeni 10. Wasomaji 15 wa kwanza wamrudishia fedha zake. Msomaji wa 16 na wote wamfuatao wamletea faida, mpaka kurasa zichakae. Kwa upande wa msomaji, fedha ambazo zingemnunulia kitabu kimoja zamsomesha vitabu 15. Pande zote mbili zafurahi. Ndiyo sababu walikuwapo wachapishaji waliotengeneza vitabu kwa ajili ya maduka hayo peke yake, vyenye jalada gumu lililoweza kuvumilia kupita mikononi mwa watu wengi.

Wahenga wetu walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Neno hilo ni la kweli kwa nguo, kwa kuwa mwenyewe ajapo kuichukua, aliyeivaa hubaki uchi. Kwa kitabu mambo ni mbali. Mwenyewe ajapo kukichukua, kilichosomwa hakichukuliki.

Sasa twafika penye kiini cha habari yetu. Ni nani waliokuwa wakiingia katika maduka hayo? Watoto walikuwapo, lakini si wao tu. Baada ya vita vijana wengi walitoka mashambani na shuleni mapema, wakaenda kufanya kazi katika viwanda na maduka ya mijini. Walikuwa wageni katika miji hiyo, mishahara yao ilikuwa midogo, na jioni zao zilikuwa pweke. Kijana wa namna hiyo hakutaka hadithi za sungura na mbwa wenye kuvaa suruali. Alikuwa ameijua dunia kabla ya wakati wake, akataka hadithi zenye kuijua dunia. Mwenye duka aliona vitabu gani vilitoka na vipi vililala rafuni, akamwambia mchapishaji, naye mchapishaji akamwambia mchoraji. Kwa njia hiyo yeni 10 za kijana wa kiwandani zikawa kama kura.

Kura hizo zilileta mageuzi. Mwaka 1957 mchoraji mmoja wa Osaka, Tatsumi Yoshihiro, alizipa hadithi zake jina jipya, gekiga, maana yake picha zenye mchezo mzito. Alitaka watu wajue kwamba hizi si picha za kuchekesha watoto. Ndani yake mlikuwa na umaskini, uhalifu, hofu na upweke, na picha zilikwenda polepole kama macho ya mtu mwenye mawazo. Tangu mwaka 1959 hata 1962 mchoraji mwingine, Shirato Sanpei, alitoa kwa maduka ya kukodisha hadithi ndefu ya mashujaa wa siri na wakulima walioinuka kupinga dhuluma ya mabwana zao. Wanafunzi wa vyuo na vibarua waliisoma kwa pamoja. Aina ya manga isomwayo leo na watu wazima pasipo haya ina mizizi yake katika rafu hizo za yeni 10.

Laiti ningeweza kukomea hapa, habari yetu ingekuwa tamu tupu. Lakini mizani ya haki ina sahani mbili, na sahani ya pili bado hatujaitazama. Msomaji alisoma kwa bei ndogo. Mwenye duka alipata riziki. Je, mchoraji alipata nini?

Mchoraji alilipwa mara moja tu, siku alipokabidhi kazi yake. Kitabu chake kikikodiwa mara 15 au mara 150, mkononi mwake hakikuingia kitu zaidi. Na kwa kuwa nakala zilizouzwa kwa maduka hazikuwa nyingi, hata malipo hayo ya mara moja yalikuwa haba. Mfano wake ni Mizuki Shigeru, aliyezaliwa mwaka 1922. Alichukuliwa vitani, akapelekwa Rabaul katika visiwa vya bahari ya Pasifiki, na huko mwaka 1944 akapoteza mkono wake wa kushoto kwa bomu. Aliporudi kwao alichora kadi za mchezo wa karatasi. Mchezo huo ulipoanza kufifia, kwa kuwa televisheni ilianza kurushwa Japani mwaka 1953, akahamia kuchora vitabu vya maduka ya kukodisha. Alifanya kazi usiku na mchana kwa mkono mmoja, na bado umaskini ulikaa nyumbani kwake kama mgeni asiyejua kuaga. Ni mwaka 1965, alipokuwa amevuka umri wa miaka 40, ndipo hadithi yake moja ilipochapishwa katika jarida la kampuni ya Kodansha, ikampatia tuzo na unafuu. Alikufa mwaka 2015, mwenye kuheshimiwa na taifa zima. Lakini wangapi walioanguka njiani kabla ya unafuu haujawafikia?

Hilo ndilo fumbo ambalo historia ya manga inatuwekea mbele. Bei ikiwa kubwa, maskini hasomi. Bei ikiwa si kitu, mwandishi hali. Watu wa Japani wamelihangaikia fumbo hili kwa muda mrefu, na kila kizazi kimelijibu kwa namna yake.

Jibu moja lilikuwa jarida la kila juma. Siku ya tarehe 17 Machi 1959 majarida mawili ya manga kwa wavulana yalitokea kwa siku moja: Shonen Magazine la Kodansha, kwa yeni 40, na Shonen Sunday la Shogakukan, kwa yeni 30. Karatasi ilikuwa ya hali ya chini, lakini ndani mlikuwa na hadithi nyingi pamoja. Gharama iligawanywa kwa wasomaji wengi mno, hata kila mmoja akabeba kipande kidogo. Jarida la tatu, Shonen Jump, lililoanza mwaka 1968, lilifika nakala milioni 6.53 kwa toleo moja mwishoni mwa mwaka 1994. Jarida lilisomwa na mwenye kulinunua, likapokewa na ndugu zake, likamalizikia kwa rafiki zake. Hadithi zilizopendwa zilikusanywa baadaye zikawa vitabu, na kwa vitabu hivyo mwandishi alipata fungu lake kwa kadiri ya mauzo.

Majarida hayo pamoja na televisheni yaliyashinda maduka ya kukodisha. Katika miaka ya 1960 maduka yalifungwa moja baada ya moja, na vitabu vyake vikatupwa kama takataka, kwa kuwa vilikuwa vimechakaa na hakuna maktaba kubwa iliyovitaka. Hapa yafaa kumtaja mtu mmoja, Naiki Toshio, aliyezaliwa mwaka 1937. Mwaka 1955, alipokuwa kijana wa umri wa wanafunzi wa madarasa ya juu ya sekondari, alifungua duka lake dogo la kukodisha vitabu mjini Tokyo. Wenzake walipotupa, yeye aliokota. Aliweka na kuongeza, mpaka mwaka 1978 akafungua maktaba ya manga, ambayo kila mtu aliweza kuingia akasoma kwa ada ndogo. Hazina hiyo ilikuja kukabidhiwa Chuo Kikuu cha Meiji. Leo mtaalamu atakaye kujua vijana wa viwandani walisoma nini katika miaka ya 1950 hana budi kumshukuru kijana yule ambaye hakuona takataka pale wengine walipoona takataka. Kadhalika katika mji wa Kyoto, mwaka 2006, majengo ya shule ya msingi ya zamani yaligeuzwa kuwa jumba la makumbusho ya manga, na ndani yake mna ukuta wa vitabu vipatavyo 50,000 ambavyo mgeni aweza kuvichomoa na kuvisoma siku nzima.

Wasio na fedha walikuwa na jibu lao pia. Waliingia katika maduka ya vitabu, wakachukua kitabu rafuni, wakakisoma papo hapo wakiwa wima, kisha wakakirudisha. Wajapani wana neno maalumu la tendo hilo, tachiyomi, yaani kusoma kwa kusimama. Wenye maduka wengine walivumilia, wengine walivifunga vitabu katika nailoni visifunguliwe. Tangu mwaka 1990 ilitokea pia kampuni iitwayo Book Off, iliyoanzia katika mji wa Sagamihara, ikajenga maduka makubwa ya vitabu vilivyotumika. Nasi twalijua soko la namna hiyo. Katika barabara za Nairobi vitabu vikuukuu hupangwa chini kando ya njia, na mnunuzi huvichagua kwa kuinama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Serikali nayo ilitoa jibu lake kwa njia ya sheria. Sheria ya Japani iliwapa waandishi haki juu ya ukodishaji wa kazi zao mwaka 1984, lakini vitabu na majarida viliachwa nje ya haki hiyo, kwa kuyafikiria maduka madogo ya zamani. Baadaye makampuni makubwa yalipoingia katika biashara ya kukodisha manga, waandishi walilalamika. Sheria ikarekebishwa, na tangu tarehe 1 Januari 2005 mwenye kukodisha vitabu kwa biashara hana budi kupata idhini, na mwandishi apate fungu lake. Hivyo deni la miaka ya Mizuki lilianza kukiriwa, ijapokuwa kwa kuchelewa.

Jibu la mwisho nitakalolitaja ni jibu baya. Intaneti ilipoenea, walitokea watu waliozinakili manga bila idhini na kuziweka mahali ambapo yeyote aliweza kuzisoma bure. Tovuti moja ya namna hiyo, Mangamura, ilivuta mamilioni ya wasomaji kabla ya kufungwa mwezi wa Aprili 2018. Mwaka 2021 mahakama ya Fukuoka ilimhukumu mwendeshaji wake kifungo cha miaka 3, na mwaka 2024 mahakama ya Tokyo ikamwamuru awalipe wachapishaji watatu zaidi ya yeni bilioni 1.7. Yatazame mambo haya kwa makini, msomaji. Mwenye duka la yeni 10 alikinunua kila kitabu alichokikodisha, na kwa ununuzi huo mchoraji alipata malipo yake, ingawa yalikuwa madogo. Mwenye tovuti hakununua hata kitabu kimoja kwa mwandishi, wala hakumpa hata senti. Faida yote ilikuwa yake. Wa kwanza aligawana mzigo na maskini. Wa pili alijificha nyuma ya maskini.

Wachapishaji wenyewe wamejifunza kitu katika fitina hiyo. Mwaka 2019 kampuni ya Shueisha, yenye kutoa Shonen Jump, ilifungua programu iitwayo Manga Plus kwa wasomaji wa nchi nyingi, Kenya ikiwa miongoni mwao, ambamo sura za mwanzo na sura mpya za hadithi nyingi zasomwa bila malipo kwa idhini ya wenyewe. Msomaji wa Kisumu au Voi aweza kusoma leo kile kinachosomwa Tokyo, akaombwa gharama ya mtandao tu.

Tumetoka mbali: kutoka mgongo wa mkodishaji wa Edo hadi kioo cha simu. Katika safari yote hiyo mfuko wa msomaji ulikuwa mwepesi, na katika safari yote hiyo njia ilipatikana. Njia zilizo njema zote zina sifa moja. Watu wengi walishirikiana kitu kimoja: kitabu kimoja kwa wasomaji 15, jarida moja kwa nyumba nzima, ukuta mmoja kwa mji mzima. Hakuna katika hizo hata moja inayohitaji utajiri. Wanafunzi 10 wa darasa moja, kila mmoja akiwa na kitabu kimoja, wana maktaba ya vitabu 10, mradi tu kila kitabu kiwe na daftari la kuandikwa jina la aliyekichukua na siku ya kukirudisha. Maktaba ya namna hiyo haihitaji jengo wala tangazo. Yahitaji uaminifu.

Basi usione haya kuwa msomaji wa kuazima. Kijana wa kiwandani aliyetoa yeni 10 mwaka 1957 hakujua kwamba alikuwa akiigeuza sanaa ya taifa lake. Alijua tu kwamba jioni ile alikuwa na kitabu, na kwamba kesho kutwa hana budi kukirudisha kikiwa safi. Nawe fanya hivyo. Kisome kitabu cha watu kwa macho yako yote, kitunze kama chako, kirudishe kwa wakati. Na siku mfuko wako utakapokuwa mzito, nunua kimoja kwa bei yake kamili, umkumbuke yule aliyekichora kwa mkono mmoja usiku.